Kuseti relei ya tofauti ya transfoma: kila namba na mahali ilipotoka

Kosa linalojirudia sana kwenye ulinzi wa transfoma kubwa ni kunakili faili la mipangilio kutoka kituo kingine cha kupozea umeme. MVA ni zilezile, relei ni ya aina ileile, basi fundi anabadilisha jina la kituo na kupakia. Relei inapokea bila kelele. Siku ya kuwasha hakuna mzigo wa maana, taa zote ni za kijani, watu wanapeana mikono. Wiki mbili baadaye, saa moja jioni mzigo ukiwa juu, breka za pande zote mbili zinakata, relei ya kufungia inafunga, na mji mzima uko gizani. Mafuta yakipimwa hayana gesi, relei ya gesi ya Buchholz iko kimya, koili ni nzima. Transfoma haina kosa lolote. Kosa liko kwenye namba moja ambayo hakuna aliyeuliza ilitoka wapi.

Kwa hiyo hapa tuchukue transfoma moja tuihesabu kuanzia kwenye bamba lake. Ni ya 45 MVA, 132/33 kV, kundi la vekta YNd1 (nyota upande wa juu, delta upande wa chini), impedansi 12.5%. Tapu chenja, yaani swichi ya kubadilisha uwiano wa volteji, iko upande wa 132 kV, ina nafasi 17, kila hatua 1.25%, kutoka +5% nafasi ya 1 hadi −15% nafasi ya 17. CT (transfoma ndogo za kupimia mkondo) za upande wa juu ni 300/1, za upande wa chini ni 1000/1. Upande wa 33 kV ni delta, hivyo kuna transfoma ya ethi ya zigizagi, inayoupa upande huo njia ya mkondo wa ethi, iliyofungwa kwenye vituo vyake vya 33 kV. Miji mingi ya Kenya, Tanzania na Uganda inalishwa na transfoma za 132/33 kV, kwa hiyo wengi mtaiona sura yake.

Kwa nini relei inahitaji breki

Wazo la msingi la relei ya tofauti ni la Charles Merz na Bernard Price wa Uingereza, walioliwekea hataza mwaka 1904: mkondo unaoingia lazima utoke. Ukilinganisha pande mbili ukakuta pengo, kitu kimevuja katikati. Kwenye kipande cha kebo hilo linatosha. Kwenye transfoma halitoshi, kwa sababu hata ikiwa nzima kabisa pengo huwa lipo. CT za pande mbili hazikosei kwa namna moja. Tapu inabadilisha uwiano wakati relei inaamini uwiano mmoja tu. Kiini cha chuma kinakula mkondo wake kidogo cha kujisumakisha, nao unaonekana upande mmoja pekee. Na relei yenyewe ina kosa lake la kipimo.

Mapengo mengi kati ya hayo hukua kadiri mkondo unaopita unavyokua. Hitilafu ikitokea nje, kwenye laini ya 33 kV, mkondo unaweza kuwa mara nane ya kawaida, na pengo lililokuwa dogo likawa kubwa. Ndiyo maana kizingiti cha kukata hupanda kufuatana na mkondo unaopita: huo ndio mkondo wa kuzuia, na kasi ya kupanda ndiyo mteremko.

Kabla ya kuandika mteremko wowote, fungua kitabu cha relei uangalie mkondo wa kuzuia umefafanuliwaje. MiCOM P642 inachukua nusu ya jumla ya mikondo ya pande zote. Siemens 7UT6 inachukua jumla nzima. ABB RET670 inachukua mkondo ulio mkubwa kuliko yote. Hitilafu ya ndani inayolishwa na upande mmoja itaonekana 200% kwenye relei ya kwanza, na 100% kwenye hizo mbili nyingine. Kwa hiyo mteremko wa 80% kwenye relei ya nusu-jumla ni sawa na 40% kwenye relei ya jumla nzima. Anayehamisha 80% kutoka moja kwenda nyingine bila kugawanya kwa mbili ameifanya relei yake iwe nzito kiasi kwamba hitilafu halisi ya ndani inayolishwa na pande zote mbili inaweza kupita bila kukatwa. Hesabu zinazofuata zinatumia nusu ya jumla.

Mkondo wa msingi na ujanja wa tapu

Wengi huchukua 132 kV iliyoandikwa kwenye bamba na kupata 45,000 ÷ (1.732 × 132) = 196.8 A. Namba hiyo ni sahihi kwa nafasi ya 5 tu. Hapa tapu hazikai sawasawa pande mbili za 132: zinapanda 5% na kushuka 15%. Nafasi ya 1 ni 138.6 kV, ambapo mkondo kamili ni 187.5 A. Nafasi ya 17 ni 112.2 kV, na mkondo ni 231.6 A. Ukitumia 196.8 kama msingi, upande mmoja utakosea 4.7% na upande wa pili 17.7%. Umeipa relei mzigo wa karibu 18% bure.

Dawa ni kutafuta volteji ambayo mkondo wake uko katikati ya hiyo mikondo miwili. Fomula yake ni 2 × 138.6 × 112.2 ÷ (138.6 + 112.2), na jibu ni 124.0 kV. Mkondo wake ni 209.5 A, na sasa kosa ni 10.5% kila upande. Kwa kubadilisha namba moja umepunguza kosa kubwa kutoka 17.7% hadi 10.5%, na hakuna kifaa kilichonunuliwa. Upande wa 33 kV hauna tapu, kwa hiyo unabaki 787.3 A.

Kwenye sekondari ya CT, 209.5 ÷ 300 ni 0.698 A, na 787.3 ÷ 1000 ni 0.787 A. Vigawe vya kulinganisha ni 1.432 upande wa juu na 1.270 upande wa chini. Relei nyingi za kisasa huvihesabu zenyewe ukiziandikia MVA, kV na uwiano wa CT. Bado vihesabu kwa mkono, ulinganishe na zilizoonyeshwa kwenye relei. Zikitofautiana, kuna kitu umeandika vibaya, na hapo ni rahisi kukipata kuliko saa moja jioni.

Kizingiti na miteremko

Kizingiti cha chini kinalinda wakati mzigo ni mdogo, ambapo kosa la CT kwa asilimia ni kubwa na mkondo wa kusumakisha haujifichi. Thamani kati ya 0.2 na 0.3 ya mkondo wa msingi ndiyo ya kawaida. Kwa transfoma hii naweka 0.25.

Mteremko wa kwanza hujengwa kwa kujumlisha. Tapu: 10.5% kwa mkondo wa msingi, ambayo dhidi ya mkondo wa kuzuia inakuwa 10% hadi 11%. CT za daraja la 5P zinaruhusiwa kosa la hadi 5% kwenye kikomo chao, tena ziko pande mbili: 10%. Relei na mabaki mengine: 5%. Jumla ni 25% hadi 26%, ukiongeza nafasi ya usalama ni 30%. Hapo kila asilimia ina mwenyewe. Kama transfoma yako haina tapu ya kubadilisha ikiwa na mzigo, hiyo sehemu ya tapu haipo, na huna sababu ya kuandika 30%.

Mteremko wa pili ni kwa ajili ya CT kushiba, yaani kiini chake kujaa sumaku hadi kisiweze kunakili mkondo. Kwenye hitilafu ya nje iliyo karibu, mkondo wa DC unaofifia huijaza CT moja kabla ya mwenzake, na pengo la uongo linaruka ghafla. Hapo 70% hadi 80% inafaa, kuanzia mkondo wa kuzuia wa 1.5. Jaribu kwa namba: mkondo mkubwa kabisa unaoweza kupita ni 1 ÷ 0.125 = mara 8. Mkondo wa kuzuia ukiwa 8, mstari wa kukata uko 0.3 × 1.5 + 0.8 × 6.5 = 5.65. Tapu na CT zisizoshiba haziwezi kutoa zaidi ya 2 pale. Nafasi iliyobaki ni ya CT iliyoshiba.

Kizingiti cha juu kisichozuiwa na kitu chochote kinatakiwa kiwe juu ya hiyo mara 8, na juu ya mkondo wa kuwashia. Mara 8 × 1.25 ni 10. Hicho ndicho kitakachokata papo hapo hitilafu nzito ndani ya tangi, hata kama mawimbi yameharibika kiasi gani.

Mkondo wa kuwashia

Breka ikifungwa wakati volteji inapita sifuri, sumaku kwenye kiini inaweza kufika karibu mara mbili ya kawaida, ukiongeza na mabaki ya mara ya mwisho kuzimwa. Chuma kinashiba, mkondo unaruka, tena upande mmoja tu. Kwa macho ya relei hiyo ni hitilafu ya ndani kabisa. Kinachoutofautisha ni hamoniki ya pili, yaani sehemu ya mkondo yenye masafa mara mbili ya kawaida: mkondo wa kuwashia umejaa, hitilafu halisi inayo kidogo. Kizuizi cha 15% ndicho cha kawaida, yaani hamoniki ya pili ikizidi 15% ya mkondo wa masafa ya kawaida, relei inasubiri.

Tatizo ni kwamba fezi tatu zinawashwa kwenye pembe tofauti, na moja wapo inaweza kuwa na hamoniki chache kuliko wenzake. Viini vya chuma vya kisasa vyenye upotevu mdogo huonyesha hali hii zaidi. Relei inakata wakati wa kuwasha ingawa fezi mbili zilikuwa zikipiga kelele kwamba si hitilafu. Kuna njia mbili: kushusha hadi 12%, au kuruhusu fezi moja izuie zote tatu kwa muda mfupi. Mimi hupendelea ya pili, ikiwa imewekewa ukomo wa muda, kwa sababu kuishusha namba sana kunachelewesha kukatwa kwa hitilafu halisi: CT ikishiba kwenye hitilafu ya ndani nayo hutoa hamoniki ya pili. Kabla ya kugusa chochote, chukua rekodi ya mawimbi kutoka kwenye relei uone asilimia ya kila fezi. Bila rekodi hiyo unabahatisha.

Na kumbuka transfoma ya jirani. Ukiwasha ya pili sambamba na iliyokwisha kuwa na mzigo, ile ya kwanza nayo huanza kuvuta mkondo wa kusumakisha, na huchukua sekunde kadhaa kutulia. Inayokata ni ile ambayo hakuna aliyeigusa.

Hamoniki ya tano ni ya volteji kuzidi. Laini ndefu za 132 kV zenye mzigo mdogo usiku hupandisha volteji mwishoni, kiini kinasumakishwa kupita kiasi, na mkondo wake una hamoniki za tatu na tano. Ya tatu inazunguka ndani ya delta, hivyo tunatumia ya tano, kizuizi cha 35%. Lakini kuizuia relei ya tofauti isikate si kuilinda transfoma: ulinzi wa volteji kwa hezi (V/Hz, volteji ikigawanywa kwa masafa) lazima uwepo kando.

Nyota, delta na mkondo wa sifuri

YNd1 maana yake upande wa chini uko nyuma kwa digrii 30. CT zote zinafungwa nyota siku hizi, na relei inazungusha kwa hesabu: upande wa juu, fezi ya kwanza inakuwa (IA − IC) ÷ 1.732. Kwa Yd11 inakuwa (IA − IB) ÷ 1.732. Herufi moja tu. Na kama fezi mbili zimebadilishana kwenye laini zinazoingia pande zote mbili, transfoma ya Yd1 inajionyesha kama Yd11, hata bamba likisema vingine. Kwa hiyo hakiki mzunguko wa fezi kwanza.

Kutoa hivyo pia kunaondoa mkondo wa sifuri (sehemu ya mkondo iliyo sawa kwenye fezi zote tatu) upande wa nyota, jambo tunalolitaka: hitilafu ya ethi kwenye laini ya 132 kV huvuta mkondo kupitia nyutro, na delta haiuonyeshi ng'ambo.

Lakini hapa kuna mtego ninaotaka usomwe mara mbili. Transfoma ya zigizagi imefungwa kati ya koili ya delta na CT za 33 kV, yaani ndani ya eneo linalolindwa. Laini ya 33 kV ikigusa ardhi huko nje, mkondo wa ethi unatoka kwenye zigizagi na kupita kwenye CT za upande wa chini. Upande wa juu hauoni kitu. Relei inaona mkondo uliozaliwa ndani, na inakata transfoma kwa kosa la nguzo iliyoanguka kilomita 10 mbali. Watu husema upande wa delta hauhitaji kichujio cha mkondo wa sifuri. Kwenye mpangilio huu unahitaji. Kiwashe.

Upande mwingine wa jambo hili ni kile ambacho relei ya tofauti haioni. Chukua transfoma ya Dyn11 (delta juu, nyota chini), nyutro yake ina rezista inayobana mkondo wa ethi usizidi mkondo kamili. Hitilafu ikiwa sehemu x ya koili kutoka nyutro, mkondo upande wa delta ni x² ÷ 1.732 ya mkondo kamili. Kwa kizingiti cha 0.25, x inabidi ifike 0.66. Theluthi mbili za koili, kuanzia nyutro, hazina macho. Hapo ndipo ulinzi wa ethi wa eneo, ule unaolinganisha CT ya nyutro na za fezi, unapokuwa wa lazima. Kushusha kizingiti hadi 0.15 hakutatui hilo, kunaleta tu ukataji wa bure.

Waya na CT

Kebo ya shaba ya 2.5 mm² ina omu 7.41 kwa kilomita, ya 6 mm² ina 3.08. Kwa mita 100 kwenda na mita 100 kurudi, ya kwanza ni omu 1.48 na ya pili 0.62. CT yenye upinzani wa ndani wa omu 4, mkondo wa hitilafu 6.3 A sekondari, inahitaji karibu 35 V kwa ya kwanza na 29 V kwa ya pili, kabla hujazidisha kwa ajili ya mkondo wa DC. Kwa CT za 1 A tofauti ni ndogo; kwa CT za 5 A kebo nyembamba inaua. Ethi ya mzunguko wa CT iwe sehemu moja tu. Ikiwa mbili, tofauti ya volteji kati ya ardhi ya uwanjani na ya chumba cha relei inasukuma mkondo wake, na relei haijui kuupambanua.

Kuhakiki

Kwa kuingiza mkondo sekondari, tumia fezi tatu: upande wa juu digrii 0, upande wa chini digrii 150. Kizingiti peke yake kinatakiwa kikate kwenye 0.175 A upande wa juu. Ukiingiza fezi moja tu, kitakata kwenye 0.302 A, kwa sababu ya ile 1.732. Wengi wameona 0.302, wakadhani relei ni mbovu. Kwa mteremko wa kwanza, kuzuia 1.0: ingiza 0.803 A juu na 0.669 A chini, hapo ndipo mpaka. Kwa mteremko wa pili, kuzuia 3.0: 2.67 A na 1.71 A.

Kipimo hicho hakioni polariti ya CT (mwelekeo iliofungwa) uwanjani. Kinachoiona ni mkondo halisi wa praimari kabla ya kuwasha. Funga fezi zote tatu za 132 kV pamoja, nje ya CT. Swichi ya ethi ya upande wa laini huifanya kazi hiyo vizuri. Lisha 400 V ya fezi tatu upande wa 33 kV, nayo nje ya CT, tapu ikiwa nafasi ya 10, ambayo ni 123.75 kV. Utapata karibu 76 A upande wa chini na 20 A upande wa juu, kwenye sekondari 76 mA na 68 mA. Ni kama kVA 53, jenereta au transfoma ya huduma ya kituo inatosha. Ukilisha kutoka 132 kV badala yake unapata kama 16 mA tu, ambazo relei nyingi hazizisomi. Lisha kutoka chini.

Sasa gawanya mkondo wa tofauti kwa mkondo unaopita. Karibu sifuri, umemaliza. Ukipata 0.52, digrii 30 hazijasahihishwa. Ukipata 1.0, umeandika Yd11 badala ya Yd1. Ukipata 1.73, fezi zimezungushwa nafasi moja. Ukipata 2.0, polariti ya upande mzima imegeuzwa. Fezi mbili mbaya na moja nzuri: CT moja ya upande wa nyota imegeuzwa. Na ile 0.52 ndiyo iliyozima mji mwanzoni mwa makala haya: kwa kizingiti cha 0.25 haikati mpaka mzigo ufike 0.48, yaani MVA 22 hivi.

Ukishawasha na mzigo ukapanda, soma tena, na kando ya kila somo andika nafasi ya tapu. Kwa mzigo wa MVA 18, nafasi ya 10 itaonyesha karibu sifuri, nafasi ya 5 itaonyesha 0.024, nafasi ya 17 itaonyesha 0.042. Somo la 0.04 kwenye nafasi ya 17 ni hesabu yako ikithibitishwa. Somo hilohilo kwenye nafasi ya 10 linakutaka urudi uwanjani kukagua CT.